Sensa ya Hewa Iliyobaki

Katika gereji za Arusha kifaa kinachopima oksijeni ndani ya ekzosi huitwa sensa. Vitabu vingependa tuseme kihisi, lakini mimi nimebaki na neno la mafundi kwa sababu linaeleza kazi ya kifaa hicho kuliko walivyokusudia. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, karani aliuliza nani alilala katika nyumba hiyo usiku wa kuamkia 23 Agosti. Aliyekuwa amelala kwingine hakuhesabiwa pale. Sensa ya gari ni hivyo hivyo. Haioni petroli iliyoingia kwenye injini wala hewa iliyovutwa. Inahesabu oksijeni iliyopo baada ya moto kupita, na sisi ndio tunaokisia, kutokana na waliobaki, karamu ilikuwaje.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubakiza petroli wala oksijeni. Uwiano huo huitwa lamda 1. Hewa ikizidi, lamda hupanda juu ya 1, na tunasema mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, lamda hushuka, na mchanganyiko ni mzito. Injini isiyo na tabo hutoa nguvu nyingi ikiwa nzito kidogo, karibu na lamda 0.88. Yenye tabo hupewa petroli zaidi ya hapo, kwa sababu petroli ya ziada hupooza chumba cha moto. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku mchanganyiko ukiwa mwepesi, joto hupanda, na ile sehemu ya petroli ambayo moto wa plagi haujaifikia hulipuka yenyewe. Injini inagonga. Ikigonga kwa muda, pistoni hupasuka au hutoboka.

Sensa ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na Bosch na kuanza kufungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikiwa moto hutoa umeme pale oksijeni ya upande mmoja inapotofautiana na ya upande wa pili, kwa kanuni inayobeba jina la Mjerumani Walther Nernst, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1920. Kasoro yake ni kwamba ni shahidi wa ndiyo na hapana. Mchanganyiko ukiwa mzito inatoa karibu volti 0.9, ukiwa mwepesi karibu 0.1, na katikati inaruka kama mtu aliyeshtuliwa. Kwa gari la kwenda kazini inatosha. Kwa anayetyuni injini ya mashindano haitoshi, kwa sababu yeye anataka kujua ni nzito kiasi gani.

Hapo ndipo inapoingia sensa ya upeo mpana, ambayo mafundi vijana huiita waidibendi. Hii ina kijichumba ambamo moshi huingia kupitia tundu dogo sana, na pampu ya umeme isiyo na kipande chochote kinachozunguka. Oksijeni ikizidi humo, pampu inaitoa. Ikipungua, inairudisha, ili kijichumba kibaki daima kwenye lamda 1. Kinachosomwa ni nguvu ya umeme iliyotumika kusukuma, inayohesabiwa kwa miliampia. Sifuri maana yake hakuna cha kusukuma. Kazi hiyo inafanyika kwenye joto la nyuzi karibu 780, ndani ya bomba la moshi, kwenye kifaa kisichozidi urefu wa kidole.

Hayo yote nilifundishwa darasani Dar es Salaam, ninakosomea shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo. Lakini kifaa hiki hakikuwa na uzito wowote kwangu hadi nilipokipeleka Arusha, kwenye gereji ya baba mdogo, wakati ambapo nyumba nzima ilikuwa inajadili kama aendelee kushika magari ya watu au apumzike.

Baba mdogo ana miaka 58 na amekuwa fundi tangu kabla sijazaliwa. Hakuwahi kuhitaji namba. Alikuwa anachomoa plagi, anaigeuza juani, na rangi ya ncha yake inamwambia kila kitu: nyeusi yenye masizi ni nzito, nyeupe kama chokaa ni nyepesi, na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ndiyo sahihi. Alijifunza hivyo wakati petroli yetu ilikuwa na risasi, na sehemu ya rangi ile ilikuwa masalia ya risasi yenyewe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida, Algeria, iliacha mwaka 2021. Risasi ilikuwa sumu kwa watoto, na iliziua sensa pia, kwa hiyo hakuna wa kuililia. Ila ilipoondoka, ilichukua wino wa kitabu ambacho baba mdogo alizoea kusoma. Plagi za siku hizi hukaa karibu bila rangi, na anayezisoma lazima akisie zaidi.

Basi akaegemea sikio. Injini inayogonga ina sauti yake: kali, nyembamba, kama kokoto chache ndani ya kopo la maziwa. Aliijua hata ikiwa imefunikwa na kelele ya ekzosi iliyokatwa. Na sikio hilo lilikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni safari za pwani.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina asilimia ile ile ya oksijeni kama ya Tanga, karibu 21, lakini ni nyembamba. Kila lita ina hewa pungufu kwa kama asilimia 13. Gari lenye kompyuta hujirekebisha. Kabureta haijui. Ukiipanga vizuri Arusha kisha ukateremka nayo baharini, hewa inanenepa haraka kuliko petroli inavyoongezeka, na injini inakuwa nyepesi. Baba mdogo hakufundishwa hesabu hiyo na mtu, lakini aliifahamu vyema. Alikuwa anasafiri na madereva wa mashindano, anafika pwani, anaweka jeti kubwa zaidi, anamwambia dereva akanyage, anasikiliza. Kokoto zikisikika, anaongeza jeti. Zikinyamaza, anaongeza kidogo tena kwa ajili ya usalama, kisha anafunga boneti.

Miaka miwili iliyopita gari moja aliloliandaa namna hiyo lilitoboka pistoni likiwa kwenye mashindano huko huko pwani. Mwenye gari hakugombana naye. Alifanya kibaya zaidi: aliwaambia wenzake kwamba mzee hasikii tena. Katika kazi hii maneno hayo hayana rufaa. Wateja wawili wakahamisha magari yao bila kuaga. Mama mdogo akanipigia simu, akasema nije nimwambie baba yangu mdogo apumzike, kwamba mimi msomi atanisikiliza. Nilikuja, lakini kwanza nilimwomba tukapime masikio.

Hospitalini walimpa karatasi yenye mistari miwili, mmoja kwa kila sikio. Kwenye sauti nzito mistari ilikwenda sawa kama ya mtu yeyote. Kuanzia hezi 3,000 ikaanza kuanguka, ikazama zaidi kati ya 4,000 na 6,000, na ilipofika 8,000, mwisho wa karatasi, ilikuwa bado haijarudi juu. Mpimaji alisema huo ni mchoro wa kawaida wa mtu wa grenda na nyundo. Sauti za watu bado anazisikia, redio anaisikia, mngurumo wa injini anausikia. Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyemwona kiziwi.

Mimi niliitazama karatasi hiyo kwa sababu nyingine. Injini inapogonga, sauti yake haitokei ovyo. Inategemea upana wa silinda, kama vile sauti ya ngoma inavyotegemea upana wake. Ukipiga hesabu ya silinda ya milimita 81, ambayo ni ya injini ya Toyota 4A-GE, unapata karibu hezi 7,000. Silinda pana zaidi hushuka kidogo chini ya hapo. Karibu kila injini aliyowahi kuisikiliza ilikuwa inalia mle mle ndani ya shimo la ile karatasi. Sauti moja aliyoihitaji kula ndiyo aliyokuwa ameipoteza, na kazi yenyewe ndiyo iliyoichukua.

Tulikaa kwenye benchi la nje nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Zile kokoto zilinyamaza muda mrefu, mama. Nikadhani petroli imekuwa nzuri siku hizi."

Sijui sentensi iliyowahi kunielemea kama hiyo. Kwa mtu anayefanya kazi kwa sikio, ukimya na mafanikio vina sauti moja. Hakuzembea. Alifanya alichofanya siku zote: aliongeza jeti hadi aliposikia kimya, na kimya kikaja mapema mno.

Nilirudi Arusha likizo iliyofuata na waidibendi niliyoinunua kwa akiba ya posho. Gari la majaribio lilikuwa Corolla ya zamani ya kijana mmoja aliyebaki kuwa mteja, lenye injini hiyo ya 4A-GE na kabureta mbili za Weber, likijiandaa kwenda kushindana Tanga. Baba mdogo alitoboa ekzosi na kulehemu nati ya sensa mwenyewe. Nilimwomba ailaze ili kichwa cha sensa kiangalie chini, maana tone la maji likiigusa kauri yenye joto lile linaipasua. Alinitazama, akasema hata bilauri inajua hilo. Kisha akailehemu kwa pembe nzuri kuliko niliyokuwa nimeomba.

Mwinuko wa kuelekea Ngaramtoni unatosha kuilazimisha injini kufanya kazi. Kijana aliendesha, mimi nikasoma namba kwa sauti, baba mdogo akakaa nyuma dirisha likiwa wazi. Hadi mizunguko 5,000 kwa dakika tulikuwa kwenye 0.87, 0.88. Kupita hapo namba zikaruka: 1.05, 1.12, 1.15. Kwa maandishi ya kifaa, injini ilikuwa inakufa njaa. Kijana akauliza kama tuongeze jeti.

Baba mdogo akasema tusimame. Alishuka, akaenda nyuma ya gari, akarudi akifuta macho. "Petroli imejaa huku, inachoma macho. Hilo halijafa njaa. Limeshindwa kula."

Tulikuta waya wa plagi ya silinda ya tatu umechoka. Mizunguko ikizidi, cheche haifiki. Silinda isiyowaka hutoa petroli yake yote na oksijeni yake yote. Sensa huona oksijeni hiyo nzima nzima na kuiandika kuwa hewa imezidi. Haikudanganya. Ilihesabu waliokuwepo, kama karani. Kumbe walikuwepo kwa sababu karamu haikufanyika kabisa. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje nayo huingia na kuhesabiwa kama mwenyeji. Kwa namba peke yake mtu angeongeza petroli kwenye injini ambayo tayari ilikuwa inaitema.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hadithi ya mzee aliyekishinda kifaa hupendwa na kila mtu. Lakini ingekuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyotoboa ile pistoni. Tulibadilisha waya, namba zikatulia kwenye 0.88 hadi juu, kisha tukateremka kwenda Tanga, tukiendesha gari lenyewe. Mombo tulilikanyaga kwenye kipande kirefu kisicho na watu: 0.92. Nje ya Tanga: 0.94. Tofauti ilikuwa karibu asilimia 7, sawa na hesabu ya uzito wa hewa inavyosema. Baba mdogo aliomba nirudie namba zote tatu, akaziandika kwenye pakiti ya sigara ya kijana. Kisha akaniuliza: gari likitoka Arusha likiwa 0.95, kwa sababu mwenyewe anataka lisinywe mafuta, Tanga litakuwa ngapi?

Nikamwambia: karibu 1.02.

Hakusema kitu kwa muda. Wote wawili tulijua tunazungumzia gari lipi.

Jeti za Weber zimeandikwa upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Kutoka 115 kwenda 120 upana unaongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 4, lakini eneo la tundu, ambalo ndilo linalopitisha petroli, huongezeka kwa karibu asilimia 9. Tulifunga 120. Sensa ikasoma 0.87. Zamani sikio lake lingefika hapo hapo baada ya majaribio manne au matano. Sasa tulitumia moja. Kijana alimaliza mashindano. Hakushinda, wala hakuna aliyetarajia, lakini gari lilirudi Arusha kwa injini yake.

Nilimweleza pia jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawalitaji sana: waidibendi haisikii. Inajua mchanganyiko, haijui kugonga. Injini yaweza kuwa na 0.87 safi na bado ikagonga, kwa sababu cheche inakuja mapema mno, au petroli ni hafifu, au joto limezidi. Kwa hiyo shimo la kwenye karatasi ya hospitali halikuzibwa. Kilichofanyika ni kwamba hatulitegemei tena kwa swali ambalo namba inaweza kulijibu.

Kwa yaliyobaki, baba mdogo amepata njia yake. Ana kijana anayejifunza kwake, wa miaka 19. Siku moja aliokota kokoto tano, akazitia kwenye kopo la maziwa, akazitikisa polepole pembeni ya kichwa cha yule kijana, akamwambia hiyo ndiyo sauti atakayoitafuta maisha yake yote. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama kopo kwa macho. Sasa wakienda kujaribu gari, kijana anasikiliza, sensa inahesabu, na baba mdogo anakaa katikati akinusa na kuamua nani kati yao aaminiwe. Na alininunuzisha Dar es Salaam jozi mbili za vifunika masikio. Grenda ikiwashwa, kijana asipovivaa anafukuzwa gereji kwa siku nzima. Wakati wa kusikiliza anavivua.

Mama mdogo bado anasema apumzike, na huenda ana haki. Wale wateja wawili hawajarudi. Mimi ushauri niliotumwa kuutoa sikuutoa, kwa sababu baada ya kuisoma ile karatasi sikuona tena kwamba swali lilikuwa uzee. Fundi alikuwa anafanya kazi kwa kipimo ambacho kilikuwa kimeharibika bila yeye kuambiwa.

Sensa nayo huzeeka. Masizi na oili inayoungua huiziba taratibu, ikaanza kusoma visivyo bila kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana huchomolewa mara kwa mara na kuning'inizwa kwenye hewa safi, mbali na moshi. Hapo isome oksijeni asilimia 20.9. Isiposoma hivyo, haifai tena, hata kama taa zake zote zinawaka. Mara ya kwanza nilipomwonyesha baba mdogo zoezi hilo, alishika waya wa sensa kwa mkono ulionyooshwa hadi namba ikakaa mahali pake.

"Inapimwa kila baada ya muda gani?" akauliza.

Nikamwambia inategemea kazi, lakini mwenye gari la mashindano asikae muda mrefu bila kuipima.

"Mimi miaka 35," akasema. "Siku ile na wewe ndiyo ilikuwa ya kwanza." Akanirudishia sensa, akamwita kijana aje afunge nati.